Solo za Tabora zilikuwa zinang'aa, ya kwako mbona inakoroma?

Wadau, Tabora siyo asali na maembe tu. Hapo ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipokuwa inagawanyika, wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwaka 1912 reli ikafika, 1914 ikagusa Kigoma, njia ya wapagazi ikawa ya treni. Mji huohuo baadaye ukatupa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Sikiliza magitaa yao: safi kabisa, kila noti unaihesabu.

Sasa dogo wa leo ananunua gitaa la mtumba la kupigia roki, anajaribu solo za zamani, inatoka nzito kama uji. Hajarogwa mtu hapo! Pikapu aina ya humbucker, iliyobuniwa Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zinazouana mvumo wa umeme. Zile zenye nguvu zimezungushiwa waya mwingi mno, na waya mwingi unameza sauti za juu.

Dawa ipo. Kama pikapu ina nyaya nne za koili, fundi aziunge koili sambamba badala ya mfululizo. Ukinzani unashuka hadi robo, nguvu inapungua, mng'ao unarudi, na mvumo bado unazimwa. Ukizima koili moja kabisa sauti inang'aa pia, ila mvumo unarudi. Swichi ndogo tu inakupa uchaguzi.

Madogo wengi wanaacha dansi wakidhani vidole vyao ndiyo tatizo. Usiuze gitaa kwanza, mwone fundi.

Solo gani ya Tabora haikutoki kichwani? Tiririka hapo chini.