Upele wa Mbwa na Demodekosi

Mbwa akianza kunyonyoka manyoya na kujikuna hadi damu, watu hutaja jina moja tu: upele. Wengine husema ukurutu, neno ambalo nalo lina mzigo wake, maana hutumika pia kwa ngozi ya mtoto inayowasha na kuchubuka. Daktari wa mifugo anayajua magonjwa mawili tofauti yanayofichwa na jina hilo. Yote mawili huletwa na utitiri, vidudu vya ukoo uleule unaowasumbua wafugaji wa kuku. Hata hivyo, mmoja humhamia binadamu na mwingine hamhamii. Mmoja ni mgeni kwenye ngozi, mwingine ni mkazi wa kudumu.

Mgeni huyo ni Sarcoptes scabiei. Mwaka 1687 Waitalia wawili, daktari Giovanni Cosimo Bonomo na mfamasia Diacinto Cestoni, walieleza kwamba upele wa binadamu unatokana na kidudu kinachoonekana kwa darubini. Utitiri wa mbwa ni wa spishi hiyohiyo, ila ni wa namna iliyozoea mbwa. Jike, ambaye hafiki hata nusu milimita, huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga humo mayai. Muwasho wake ni mkali mno. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na mara nyingi watu wa nyumbani nao huota vipele mikononi na tumboni. Kwa ugonjwa huu hatuna haja ya kubuni neno. Ni upele kwa maana kamili ya Kiswahili, na jina upele wa mbwa linautosha.

Shida iko kwa yule wa pili, Demodex canis. Huyu ni mrefu na mwembamba kama sigara, na hukaa ndani ya vinyweleo. Mtoto wa mbwa humpata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na mbwa wazima wenye afya huishi naye bila dalili yoyote. Ugonjwa huzuka kinga ya mwili inapolegea: kwa mtoto wa mbwa, kwa mbwa mwenye maradhi mengine, au kwa aliyepewa steroidi muda mrefu. Manyoya hunyonyoka kuzunguka macho, mdomoni na kwenye miguu ya mbele, na pengine mbwa hajikuni kabisa mpaka bakteria waingie.

Kuuita huu nao upele ni kosa lenye madhara. Upele kwetu ni ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo mwenye mbwa akilisikia neno hilo huogopa, na mtoto wa mbwa asiye na hatari kwa yeyote hufukuzwa au kutupwa. Wapo wanaopendekeza upele wa vinyweleo, lakini jina hilo linabakiza hofu ileile. Mimi nashika demodekosi. Neno bruselosi limekwisha kuzoeleka kwa wafugaji wetu, na hili linafuata njia hiyohiyo. Jina la jenasi lilitolewa na Richard Owen mwaka 1843 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mafuta na mdudu atoboaye mbao. Kidudu chenyewe tukiite utitiri wa vinyweleo, maana hapo ndipo kwao.

Kinachoyatenganisha magonjwa haya ni mkwanguo wa ngozi. Daktari huchukua kisu butu cha upasuaji, hudondosha mafuta ya parafini, huiminya ngozi ili utitiri watoke vinyweleoni, kisha hukwangua mpaka damu kidogo ichomoze. Kilichopatikana hutazamwa kwa darubini. Demodex huonekana bila taabu kubwa. Sarcoptes hujificha, na mara nyingi mkwanguo hauonyeshi kitu ingawa mbwa anaumwa. Ndiyo maana daktari akiona dalili zenyewe huweza kuanza tiba na kuangalia kama muwasho unapungua. Choa, ambalo ni kuvu, nalo hunyonyoa manyoya, na mara nyingine sampuli yake hulazimu kuoteshwa maabara.

Siku hizi vidonge vya jamii ya isoksazolini hutibu magonjwa yote mawili. Lakini upele wa mbwa hudai kutibu mbwa wote wa nyumba hiyo na kufua matandiko yao, ilhali demodekosi haidai hayo. Mabaka machache ya demodekosi kwa mtoto wa mbwa kwa kawaida hupona yenyewe. Ikienea mwili mzima, tiba huendelea hadi mikwanguo miwili, iliyopishana mwezi mmoja, isionyeshe utitiri. Ivamektini, iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, nayo hutumika, ila huweza kumuua mbwa wa aina ya collie mwenye kasoro ya jeni ya MDR1.

Oili chafu ya gari haitibu ugonjwa wowote kati ya haya. Mbwa huiramba ikamdhuru. Dawa ya josho la ng'ombe, ikichanganywa kwa kukisia, nayo ni sumu. Mbwa wako akinyonyoka, mwombe daktari mkwanguo kabla ya sindano yoyote, na umuulize bila haya: ni upele au ni demodekosi?