PINI YA SABUFA ILITOKA WAPI? HISTORIA YA WAYA UNAOUNGANISHA KOMPYUTA NA SPIKA

Alhamisi na Jumapili ni siku za soko Ngaramtoni. Ukishuka kwenye hiace kutoka Arusha mjini, kabla hujaona ndizi wala mitumba unaanza kusikia mziki. Duka la simu linapiga singeli, jirani yake kaweka injili, kinyozi naye katoa sabufa yake mpaka mlangoni. Watu wanasifia spika, wengine wanamsifia anayepiga. Waya hausifiwi na mtu, mpaka siku ugome.

Na ukigoma ndipo hela zinapoliwa. Mwenye duka anapanda gari mpaka mjini, ananunua waya wa bei mbaya wenye pini za rangi ya dhahabu, anarudi, anachomeka, na tatizo liko pale pale. Mtu anayejua hizi pini zimetoka wapi si rahisi kupigwa hivyo, maana kila pini ilikuwa na kazi yake, na nyuma yake kuna watu wengi ambao majina yao hayajulikani kabisa.

Ilianza na akina dada wa simu

Mwaka 1878, mji wa New Haven kule Marekani ulifungua kituo cha simu cha biashara. Enzi hizo simu haikujiunganisha yenyewe. Mtu alikuwa anakaa kituoni, mteja akisema anamtaka fulani, yeye ndiye anawaunganisha. Mwanzo walipewa kazi hiyo wavulana, lakini wakawa wakorofi kwa wateja, nafasi zikaenda kwa wasichana. Muda si mrefu vituo vikaanza kutumia ubao wenye matundu na waya wenye pini, na pini ikawa ndiyo silaha yao ya kazi, inaingia na kutoka kutwa nzima.

Kwa kazi hiyo ilitakiwa pini ngumu, nyepesi kuchomeka hata bila kuangalia. Ndiyo ile pini nene ya milimita 6.35. Simu za vile zilishakufa zamani, lakini pini yenyewe bado ipo kwenye gitaa la umeme, kinanda cha kanisani na mikisa ya MC wa harusi. Akina dada waliokuwa wanaichomeka kutwa hakuna anayewakumbuka.

Miaka ya 1930 ikaja pini nyingine. Kampuni ya Radio Corporation of America ilitaka njia rahisi ya kuunganisha santuri na redio ndani ya kabati moja. Ikatengeneza pini yenye ncha katikati na kola pembeni. Baadaye zikawa mbili mbili: nyekundu sauti ya kulia, nyeupe ya kushoto. Geuza sabufa yako uangalie nyuma, utazikuta.

Pini nyembamba ya milimita 3.5, ile ya earphone, ilikuja na redio ndogo za mkononi. Ikasambaa dunia nzima baada ya Sony kutoa Walkman mwaka 1979.

Kompyuta ilichelewa kuongea

Kompyuta za mezani za mwanzo zilikuwa zinalia "piii" tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa kadi ya sauti iliyoitwa Sound Blaster, na mchezo ukabadilika. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 matundu ya nyuma ya kompyuta yakapewa rangi: kijani ni la spika, pinki ni la maiki, bluu la kuingiza sauti kutoka nje.

Huku kwetu habari ilikuwa nyingine. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Televisheni ya Bara ilikuja kuanza mwaka 1994. Miaka yote hiyo mziki wa nyumbani ulikuwa wa redio, santuri na kaseti, na aliyeufanya uendelee kulia ni fundi redio. Spea hakuna, waya wa dukani hakuna, yeye anakata wa redio iliyokufa anauunga na mwingine kwa risasi ya kulehemu.

Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuenea, zilikuta redio na amplifaya ziko sebuleni siku nyingi. Kompyuta ina tundu jembamba, amplifaya ina matundu mekundu na meupe. Waya unaohitajika una pini nyembamba moja upande huu, nyekundu na nyeupe upande ule. Ukikosekana, fundi anakata waya wa earphone na waya wa deki, anazioanisha. Kijana wa kuchoma CD, na baada yake kijana wa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, walitegemea waya huo huo mmoja. Bongo Fleva ilisambaa mtaani kwa mikono ya hao, na kwenye kava la albamu hawapo.

Mwimbaji anapotea ukumbini

Kuna balaa moja linawakuta sana vijana wa mziki wa harusi. Kijana anachomeka laptopu kwenye mikisa, ngoma inalia, kinanda kinasikika, lakini mwimbaji hayupo! Bibi harusi anaingia na biti tupu. Mzee anauliza wimbo uko wapi, na hapo malipo yaliyobaki yanaanza kuota mbawa.

Nyimbo ni nzima. Pini ya laptopu imebeba sauti mbili: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ethi. Matundu mengi ya mikisa yametengenezwa kupokea sauti moja iliyotumwa mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, ili mikisa itoe moja kwenye nyingine na kelele za njiani zife. Ukiiingizia kushoto na kulia, nayo inatoa kushoto kwa kulia. Mwimbaji kwa kawaida amerekodiwa sawa pande zote mbili, na sawa ukitoa sawa inabaki sifuri. Dawa ni waya wenye pini nyembamba upande wa laptopu na pini nene mbili upande wa mikisa, kila moja na tundu lake.

Sasa uchague upi?

Kwanza angalia matundu ya pande zote mbili, ndiyo uende dukani. Kama ni sabufa ya nyumbani, pini nyembamba kwa nyekundu na nyeupe inatosha.

Pili, chukua mfupi unaofika. Waya wa aina hii ukiuvuta mita nyingi unaokota kelele, hasa ukilala sambamba na waya wa umeme.

Tatu, dhahabu haiongezi besi. Faida yake ni kwamba haishiki kutu. Bora pini inayokaa vizuri bila kucheza.

Nne, ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mvumo ukikata, waya hauna kosa, shida ni ethi ya vifaa viwili kugongana. Jaribu kuvichomeka kwenye ekstensheni moja, au tafuta kifaa kidogo cha kuzuia mvumo chenye transfoma ndani. Usikubali mtu akukatie ethi ya plagi ya umeme ili mvumo uishe. Hiyo ethi ndiyo inakulinda siku bodi ya amplifaya ikishika moto wa umeme.

Na kama pini imelegea tu, usikimbilie mjini. Mpelekee fundi redio wa hapo hapo sokoni, anaikata na kulehemu mpya ukiwa umesimama. Je, mtaani kwako fundi wa hivyo bado yupo, na jina lake unalijua?