Skrini ndani ya tribinali: nani amekaa pembeni ya shahidi?



Siku hizi, mahali popote wanasheria wa Kongo wanapokutana, kuna neno moja linalorudi: kusikiliza kesi kwa vidyo. Mfungwa abaki gerezani, jaji abaki katika jengo lake, avoka aongee kutoka ofisini kwake, na kesi iende. Wengine wanafurahi, juu wanaona shida ya barabara na makuta ya transporti itakwisha. Wengine wanakataa kabisa, wanasema haki inataka watu waonane macho kwa macho.

Tukirudi nyuma kidogo katika historia, tutaona kama wote wawili wanaangalia skrini, na hawaangalii kile chumba cha pili. Chumba cha pili ni pale anapokaa mtu anayeongea mbele ya kamera. Nani yuko naye mle ndani? Nani alimtayarisha? Nani anasimama mlangoni? Njo pale haki inapopatikana ao inapopotea.

UMBALI NI UGONJWA WA ZAMANI

Nchi yetu inapita kilomita za mraba 2,300,000. Toka wakati wa wakoloni, tribinali za sheria iliyoandikwa zilijengwa mjini, na mwanakijiji aliachiwa tribinali za kienyeji, zile ambazo Wabelgiji walizipangia dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926. Kwa hiyo tulirithi haki mbili: moja iko karibu lakini haina nguvu juu ya makosa makubwa, nyingine iko na nguvu lakini iko mbali.

Dawa tuliyoizoea ni tribinali inayotembea, ile tunayoita kwa Kifaransa audience foraine. Majaji, parke, karani na maavoka wanapanda gari, wanakwenda kusikiliza kesi kule kosa lilikotendeka. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mpangilio wa tribinali inaikubali. Na ilizaa matunda. Februari 2011, tribinali ya kijeshi ilikaa Baraka, Kusini mwa Kivu, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ajili ya ubakaji uliofanyika Fizi siku ya kwanza ya mwaka ule. Kutoka kosa mpaka hukumu haikufika miezi miwili.

Lakini gari linataka mafuta, askari wa kulinda njia, chakula na malazi ya watu wengi. Mara nyingi fedha hizo zinatoka kwa wafadhili wa nje. Wafadhili wakichoka, tribinali haitembei tena. Njo maana skrini inatamanisha.

1996: MAJAJI WALIOJIULIZA MAPEMA

Watu wengi wanadhani vidyo iliingia tribinali kwa sababu ya Kovidi. Hapana. Mwaka 1996, kule La Haye, Tribinali ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani ilikuwa inasikiliza kesi ya Duško Tadić, Mserbia wa Bosnia. Utetezi wake ulikuwa na mashahidi walioogopa kusafiri. Tarehe 25 Juni 1996 majaji wakakubali baadhi yao waongee kwa vidyo.

Kitu cha kutufundisha ni masharti waliyoweka. Mahali pa kuongelea pawe pa salama na pa heshima, kama ubalozi, ofisi ya tribinali ao mahakama. Tribinali itume mtu wake wa kusimamia pale, ahakikishe shahidi anaongea kwa hiari yake. Shahidi asikae na mtu mwingine isipokuwa yule msimamizi, na labda fundi wa mitambo. Aweze kuwaona majaji, mshitakiwa na anayemwuliza maswali, nao wamwone. Tena majaji wale walisema ushuhuda wa kwenye skrini hauna uzito sawa na ule wa ndani ya ukumbi. Hilo la mwisho, tribinali nyingine baadaye hazikulifuata sana. Masharti ya chumba, yenyewe, yalibaki.

Arusha pia, tribinali ya kimataifa ya Rwanda ilisikiliza mashahidi kadhaa kwa vidyo. Na Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI), uliandika njia hii katika kifungu cha 69. Kanuni ya 67 ya mahakama ile inaongeza kwamba mahali palipochaguliwa lazima pamsaidie shahidi kusema ukweli kwa uwazi, na palinde usalama wake, afya yake, heshima yake na siri yake.

ITURI INAFIKA LA HAYE

Kongo iliukubali mkataba ule Aprili 2002. Kesi ya kwanza kabisa ya CPI ikawa yetu: Thomas Lubanga, kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri. Ilifunguliwa tarehe 26 Januari 2009.

Shahidi wa kwanza, kijana aliyesemekana alikuwa mtoto askari, hakuongea kwa vidyo. Alipelekwa mpaka La Haye, akaketi ndani ya ukumbi, Lubanga akiwa mbele yake. Alianza kueleza namna alivyochukuliwa na wanamgambo. Halafu, siku ileile, akageuka, akasema yale aliyosema aliambiwa ayaseme. Alirudishwa majuma mawili baadaye, safari hii amepangiwa asimwone mshitakiwa, akaeleza upya. Mwishoni, katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji hawakuutegemea ushuhuda wake. Walimhukumu Lubanga kwa ushahidi mwingine, na wakailaumu ofisi ya mwendesha mashtaka kwa kuwaachia watu wa katikati, wale waliotumwa kutafuta mashahidi vijijini, kazi ya uchunguzi ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

Tuelewe vizuri somo hili. Mtu alifika ukumbini kwa mwili wake, macho kwa macho, na bado majaji hawakuweza kumwamini. Shida ilianza mbali na ukumbi, kwa wale waliokaa naye kabla ya safari. Na tarehe 19 Oktoba 2016, CPI ilimkuta Jean-Pierre Bemba, avoka wake Aimé Kilolo na wengine 3 na hatia katika kesi ya kuwaharibu mashahidi 14. Katika kesi ile ilionekana kwamba mashahidi walipewa simu mpya kwa siri, ili waendelee kuelekezwa wakati mawasiliano yalikuwa yamekatazwa. Simu ndogo ya mfukoni inaweza kufanya kazi ambayo kamera ya tribinali haioni.

Kuna jambo lingine tusilisahau: lugha. Mashahidi wa Ituri hawaongei Kiswahili cha redio. CPI ililazimika kuwa na wakalimani wa Kiswahili cha Kongo. Sasa fikiri neno moja la Ituri likipita kwenye mikro mbaya, halafu kwa mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam, halafu kwa Kifaransa. Mtu anaweza kupoteza miaka ya maisha yake katika njia ile.

KAVUMU: VIDYO ILIYOWALINDA WATOTO

Kwetu tuko pia na mfano mzuri. Kavumu, karibu na Bukavu, kwa miaka kadhaa mabinti wadogo walichukuliwa usiku nyumbani mwao na kubakwa. Mwishoni mwa 2017 tribinali ya kijeshi ya Kusini mwa Kivu ilikwenda kukaa palepale Kavumu. Watoto hawakusimamishwa mbele ya watu waliowaumiza. Maelezo yao yalikuwa yamerekodiwa kwa vidyo, na njo yaliyotumika. Tarehe 13 Desemba 2017 mbunge wa jimbo Frederic Batumike na wenzake 10 walihukumiwa.

Kile kilichofanya vidyo ile iwe na nguvu ni kwamba watoto waliulizwa na watu waliojua kazi ya kumwuliza mtoto, mahali pa utulivu. Tena tribinali yenyewe ilifika kijijini, wazazi na majirani wakaweza kuona. Skrini na gari vilisaidiana.

2020: SKRINI YA KUTAZAMA NA SKRINI YA KUSIKILIZWA

Kovidi ilipofunga Kinshasa, taifa zima liliona kesi kwa njia ya televisheni. Kesi ya Vital Kamerhe ilifunguliwa tarehe 11 Mei 2020 ndani ya gereza la Makala, na RTNC ikaionyesha moja kwa moja. Hukumu ilitoka tarehe 20 Juni: miaka 20 ya kazi ngumu. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilimwachilia. Pale jaji, mshitakiwa na maavoka walikuwa mahali pamoja. Walio mbali ni shiye watazamaji.

Tarehe 15 Juni mwaka uleule, Ali Kushayb wa Sudan alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya CPI kwa vidyo, akiwa jela ya La Haye. Hapa aliye mbali ni mshitakiwa mwenyewe. Nairobi nao, toka tarehe 1 Julai 2020, kesi ilibidi zifunguliwe kwa intaneti.

Tusichanganye mambo haya. Skrini ya kutazama inatimiza kifungu cha 20 cha Katiba yetu ya 2006, kinachosema vikao ni vya wazi. Skrini ya kusikilizwa inagusa vifungu vya 18 na 19: haki ya kuelezwa mashtaka katika lugha unayoelewa, na haki ya kuwa na mtetezi katika kila hatua. Nchi inaweza kuwa hodari sana kwa ile ya kwanza na bado ikaanguka kwa ile ya pili.

LEO TUKO WAPI?

Toka tarehe 13 Machi 2023 tuko na Kodi ya Numeriki, inayolipa andiko la kwenye kompyuta na saini yake nguvu ya kisheria. Mlango umefunguka. Na haja ni kubwa. Makala ilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka 2024 ilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao hawajahukumiwa. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024, serikali yenyewe ilihesabu wafu 129 pale. Mtu anayengoja miaka bila kuona jaji, ukimwonyesha jaji kwenye skrini kesho asubuhi, hatauliza kama picha ni safi.

Mashariki nako, M23 ilipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, tribinali za serikali zilisimama. Dosye ya karatasi ikiungua ao ikiibiwa, kesi inakufa nayo. Nakala iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali ingebaki. Kwa hilo, huduma za intaneti ni faida tupu. Lakini kumsikiliza mama wa Goma kwa vidyo kutoka Kinshasa ni jambo lingine. Ataongea akiwa katika nyumba gani? Nani atakuwa nyuma ya pazia? Akizima kamera, atarudi kulala wapi?

Ndiyo maana, wahitimu wenzetu, hasa ninyi mlio katika barza, parke na bunge, siku kanuni za vidyo zitakapoandikwa tusiombe kompyuta peke yake. Tuombe karani wa tribinali, asiye askari wa gereza, akae katika chumba cha pili. Tuombe avoka akae pembeni ya mteja wake, na wapewe nafasi ya kuongea bila kusikilizwa. Tuombe mkalimani wa lugha ya mtu, na mlango wa chumba uwe wazi kwa ndugu na majirani, isipokuwa pale mwathirika anapohitaji siri. Na umeme ukikatika, kikao kisimame na iandikwe kwamba kilisimama.

Majaji wa 1996 waliyafikiria mengi ya mambo haya wakati picha ilikuwa bado inatetemeka. Sisi tunaochelewa tuko na bahati moja: hatuna haja ya kuyagundua upya. Inabaki kuyadai.