Bariadi na Njia za Kupita kwa Hisani

Lami ya Bariadi imeufungua mkoa, lakini mji wenyewe utafunguka au utafungwa kulingana na namna mashamba ya pembezoni yanavyokatwa viwanja. Usukuma wa zamani haukuwa na mitaa. Kila kaya ilijitenga shambani kwake, imezungushiwa minyaa, na katikati zikapita njia za ng'ombe za kwenda majini. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilizikusanya kaya za mkoa wa Shinyanga, ambamo eneo la Bariadi lilikuwamo, ikazipanga mistari kando ya barabara. Baadaye wapo waliorejea kwenye mahame yao. Machi 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu na Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zikaja na watumishi wake, na lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi ikaiunganisha barabara ya Shinyanga–Mwanza na ile ya Mwanza–Musoma. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa una watu 1,584,157. Ya 2022 ikahesabu 2,140,497.

Pembezoni mwa miji yetu, mwenye shamba humega kipande kwa hatua za miguu, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, na humwachia mnunuzi njia ya kufika kwake tu. Jirani hufanya vivyo hivyo upande wa pili. Hakuna aliyekosa, ila njia zao hazikutani. Atatokea wa kusema kwamba Bariadi ingali na nafasi, bodaboda na waenda kwa miguu hupenya popote. Kweli, lakini wanapenya kwa hisani, kwa kuwa kiwanja cha fulani hakijajengwa. Ukuta na geti vikisimama, mwanafunzi aliyezoea kukatiza atazungukia barabara kuu yenye malori. Urasimishaji ukija baadaye hutoa hati juu ya mkao uleule, maana kila njia mpya hudai nyumba ibomolewe na fidia ilipwe. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, huweza kuchonga barabara iliyopo. Njia panda isiyokuwapo haichongeki.

Wapo pia wanaoona mtaa usiotokea upande wa pili ndio wenye utulivu. Marekani iliujaribu utulivu huo kwa miongo mingi: watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kwamba ujenzi wa mitaa isiyoungana ulifika kileleni huko katikati ya miaka ya 1990, kisha ukarudi nyuma. Na hao wana magari ya kuzungukia. Hoja nzito zaidi ni fedha, kwani halmashauri haimudu kupima kila kiwanja. Lakini si lazima ipime kila kiwanja. Mwaka 1811 makamishna wa New York walichora mitaa juu ya eneo la Manhattan lililokuwa bado mashamba kwa sehemu kubwa. Bariadi inaweza kuanza na barabara za kukatiza tu, zikawekewa mawe ya mipaka mapema, na mkulima akaendelea kulima pamba yake humo hadi mji umfikie. Asichoruhusiwa ni kuuza ukanda huo.