Kutoka Naivasha hadi Keroka

Njia hii inaanzia kwenye shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, mwaka 1930. Wanakondoo walikufa ghafla na kondoo majike wakatupa mimba. Ndani ya wiki nne wanakondoo wapatao 3,500 waliangamia, na majike 1,200 hivi. Daubney na Hudson, wataalamu wa mifugo, pamoja na daktari Garnham, wakawaweka baadhi ya kondoo chini ya vyandarua, hao hawakuugua. Kundi lililohamishiwa sehemu ya juu zaidi nalo likanusurika. Hivyo mbu akawa mshukiwa. Watafiti wenyewe walishikwa na homa, na ripoti yao ya mwaka 1931 ndiyo iliyoujulisha ulimwengu kuhusu homa ya Bonde la Ufa.

Toka Naivasha, pitia Narok, Bomet na Sotik, uingie Borabu, kisha Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinagawana. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii, karibu 1,700. Nalisisitiza hili kwa sababu huku Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ugonjwa huu huonekana wa Garissa na Wajir, wa ngamia na nchi kame. Si ajabu: mlipuko wa 2006–07 uliua watu zaidi ya 150 nchini, wengi wao kaskazini mashariki. Lakini mwaka 2016 ugonjwa huu uliibuka Kabale, Uganda, kwenye milima ya migomba na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2018, Wajir ikiwa taabani, mgonjwa mmoja alithibitishwa Siaya, hapa hapa Nyanza.

Garnham huyo huyo baadaye alichunguza milipuko ya malaria katika nyanda za juu za Kenya, mahali ambapo wengi waliamini baridi inatosha kuwa kinga. Miaka ya 1990 Kisii na Nyamira zilionja milipuko hiyo. Kwa hiyo mwinuko peke yake si kinga.

Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vina subira. Mbu jike wa jamii ya Aedes huvirithisha kwa mayai yake, na mayai hayo hukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde yakingoja mafuriko. Mvua kubwa ikija, mifugo huugua kwanza, binadamu baadaye. Kwa hiyo ulinzi unaanzia zizini, kabla ya wodi.

Huku kwetu ng'ombe akizaa kwa shida, mwenye boma humsaidia mwenyewe, mara nyingi kwa mikono mitupu. Ng'ombe huyo akiwa na ugonjwa huu, damu, kijusi na kondo la nyuma ndivyo vinavyoambukiza zaidi. Nataka afisa wa mifugo wa wadi akisikia mimba kadhaa zimetupwa mtaa mmoja baada ya mvua, achukue sampuli za damu siku hiyo hiyo na ampigie simu mwenzake wa zahanati. Naye wa zahanati, akipata mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, amuulize habari za ng'ombe wake.