Huyu mtu ni wa nani?

Wadau, mnakumbuka mchezo wa baba na mama? Siku zote alikuwepo mmoja, kwa kawaida mkubwa kuliko wengine, aliyegawa nafasi: wewe baba, wewe mtoto, wewe mgonjwa. Mchezo ukinoga anakugeukia: "Wewe sasa umekufa." Hukuulizwa. Ukilalamika unaambiwa hujui kucheza.

Watu wazima nao wana mchezo wa namna hiyo, na ugomvi wao ni huo huo. Unaitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani na karatasi, kalamu na dadu. Kila mchezaji anabuni mtu wake, anampa jina, nguvu na tabia, kisha anamwongoza kwa maneno, wakati mwingine kwa miaka. Mmoja tu hana mtu wake mwenyewe: msimamizi, anayesimulia ulimwengu, maadui na matokeo. Sasa swali: msimamizi ana haki ya kumbadilisha mtu wangu bila kuniuliza? Amfanye mwovu, ambadili jinsia, atangaze kwamba adui tuliyemuua juzi ndiye baba yake?

Madaraka hayo yalizaliwa jeshini. Mwaka 1824 luteni wa Prusia, Georg von Reisswitz, alitoa Kriegsspiel, mchezo wa ramani wa kufundishia maofisa vita, wenye mwamuzi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alitaka mwamuzi aachane na majedwali, aamue kwa uzoefu wake. Wazo la mwamuzi mwenye mamlaka likaingia Marekani kupitia Strategos, kitabu cha Charles Totten cha 1880, na karibu miaka tisini baadaye David Wesely akakiokota. Mwaka 1969, huko Minnesota, Wesely aliendesha mchezo wa vita vya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Safari hii wachezaji wengine hawakupewa majeshi. Walipewa mtu mmoja mmoja.

Kwa maoni yangu, ugomvi wote ulianzia hapo. Kikosi cha kwenye ramani hakimuumi mtu. Mwamuzi akisema kimeteketea, kimeteketea. Mtu uliyemlea kwa miezi ni jambo jingine kabisa. Lakini cheo cha mwamuzi kilibaki vile vile.

Dave Arneson, mmoja wa wachezaji wa Braunstein, akishirikiana na Gary Gygax, alitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, nakala 1,000 za mwanzo. Kufikia 1979, kitabu cha wasimamizi alichoandika Gygax kilimtaka msimamizi afuatilie mwenendo wa kila mhusika kwenye chati. Ukienda kinyume na wema au uovu uliouchagua, yeye ndiye anayekuhamisha upande, na unashushwa daraja. Kulikuwa na kofia ya chuma inayogeuza moyo wako na mkanda unaobadili jinsia yako. Unavaa kwanza, unajua baadaye!

Kwetu mwaka huo wa 1974 una kumbukumbu nyingine. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wamehamia. Mwaka 1974 Katavi nayo ikawa Hifadhi ya Taifa. Mtu wa upande wa Mamba hakuhama hata hatua moja, lakini akawa jirani wa hifadhi ya taifa, na akiingia humo na upinde si mwindaji tena, ni jangili. Karatasi yake iliandikwa upya mbali, na watu asiowajua. Najua mchezo ni mchezo. Anayechukia pale mezani anaweza kuchukua dadu zake akaenda nyumbani. Wa Mamba angeenda wapi?

Watetezi wa msimamizi wana hoja, tena nzuri: mtu wako asipoweza kuguswa, hatari iko wapi? Lakini tazama Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, iliyotoka 1981. Humo akili ya mhusika ina alama, na zikiisha kabisa anakuwa mwendawazimu na msimamizi anamchukua. Ni adhabu kali kuliko ile ya Gygax. Hata hivyo mchezaji anaziona alama zikipungua kwenye karatasi yake mwenyewe, na sheria aliisoma kabla hajakaa. Kinachouma watu ni kushtukizwa.

Dawa zilichelewa. Mwaka 2003 Ron Edwards alipendekeza watu wakubaliane mapema mambo yasiyoingia kabisa mchezoni, na yale yanayopita nyuma ya pazia. Mwaka 2013 John Stavropoulos akaleta kadi yenye herufi X: inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linafutwa. Aliyegusa hatakiwi kueleza sababu. Msimamizi naye anaruhusiwa kuigusa.

Wewe ungekuwa msimamizi, ungeiweka mezani?