Chuo Kikuu na Haki ya Kujadiliana: Mfano wa Dzaleka

Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe, ni mahali penye historia nzito. Enzi za utawala wa Dkt. Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni kauli ya mtu aliyetubu: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa kwa kura, pakafanywa makazi ya wakimbizi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mahali palipotumika kunyamazisha watu palivyopata kuwa mahali pa mjadala, na sehemu ya vyuo vikuu katika jambo hilo.

Chuo Kikuu cha Malawi kiliundwa mwaka 1964, lakini uhuru wa kusema haukuzaliwa pamoja nacho. Mwaka 1987 Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa isimu chuoni hapo, alitiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Akaachiliwa mwaka 1991. Hata baada ya mfumo wa vyama vingi, mwaka 2011 mhadhiri Blessings Chinsinga aliitwa na mkuu wa polisi kwa sababu ya mfano alioutoa darasani. Wenzake waligoma kufundisha, wakidai uhuru wa taaluma, na mgogoro huo ukachukua miezi mingi. Walijua kwamba mwalimu anayeogopa wanafunzi wake hawezi kuwafundisha kufikiri.

Dzaleka ilipata chuo kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2010, kwa juhudi za Wajesuiti, wakimbizi waliweza kusoma stashahada iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Kambi ya Kakuma nchini Kenya ilikuwa katika mpango huo huo. Mwanafunzi alisoma kwa kompyuta, akaandika hoja yake, kisha akasubiri majibu ya watu asiowahi kuonana nao. Hapo hakuna aliyemwuliza cheti cha ukimbizi. Aliulizwa ushahidi wa hoja. Kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa tu katika foleni ya chakula, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, tusilikuze jambo kupita kiasi. Hoja ilisafiri hadi Denver, lakini mwenye hoja hakuruhusiwa kuishi Lilongwe apendavyo. Mwezi Mei 2023 polisi waliwakamata wakimbizi mijini na kuwarudisha Dzaleka, kambi iliyokusudiwa watu wapatao elfu kumi na ambayo sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Tena masomo yale yalikuwa ya Kiingereza, ilhali Wakongo na Warundi wengi kambini huelewana kwa Kiswahili. Mjadala uliofanywa kwa lugha ya mtihani peke yake huwaacha nje mama muuza mboga na mzee wa mtaa, ambao mambo yanayojadiliwa yanawahusu.

Hapo ndipo wajibu wetu walimu wa Kiswahili unapoanza. Penye wengi pana mengi, na hayo mengi yanahitaji lugha ya kuyapima. Tuwafundishe wanafunzi wetu kudai ushahidi, kumsikiliza mpinzani na kumjibu bila ya matusi, kwa Kiswahili fasaha. Chuo kikuu kisichosikika nje ya ukuta wake bado hakijamaliza kazi yake.